Shokapu za nyuma kwenye gari la dragi lenye springi bapa: tazama zimefungwa wapi kabla ya kununua mpya

Swali ninaloulizwa kuliko mengine yote na watu wanaojenga magari ya mbio za dragi (mbio fupi za mstari ulionyooka) yenye springi bapa nyuma, yaani zile za mabapa ya chuma, ni hili: ninunue shokapu za aina gani? Wengine huja na majina mawili matatu ya makampuni, wanataka tu niwachagulie. Mimi huwaomba kwanza picha mbili. Moja ipigwe kutoka ubavuni, tairi la nyuma likiwa limetolewa. Nyingine ipigwe kutoka nyuma, gari likiwa juu ya stendi. Mara nyingi picha hizo zinatosha kuonyesha kwamba shokapu zilizopo ni nzima kabisa, ila zimefungwa mahali ambapo hata shokapu bora kuliko zote isingeweza kufanya kazi yake.

Msimamo wangu niuseme mapema. Kwenye gari la springi bapa, mahali pa kufunga shokapu pana uzito kuliko chapa yake. Na mahali pazuri ni pale ambapo shokapu inabaki na kazi moja: kudhibiti kasi ambayo bodi na ekseli zinakaribiana au kuachana. Ukiipa na kazi ya pili, ya kuizuia ekseli isijipinde, itazifanya zote mbili nusunusu, na wewe utabaki unazungusha vishikizo vya marekebisho bila kuelewa kwa nini gari halitulii.

Ekseli inavyohangaika mstarini

Taa ya kijani ikiwaka na nguvu ikafika kwenye magurudumu, mambo matatu hutokea kwa mpigo mmoja.

La kwanza, tairi linasukuma lami kwenda nyuma, na ekseli yenyewe inataka kuzunguka kinyume cha tairi. Pua ya difu, pale propela inapoingia, inapanda juu. Springi bapa ndiyo inayoishikilia ekseli isizunguke, kwa hiyo nayo inajikunja mfano wa herufi S: nusu ya mbele inabinuliwa kwenda juu, nusu ya nyuma inavutwa chini. Tairi likiteleza kidogo tu, springi inajinyoosha kwa nguvu, tairi linashika tena, springi inajikunja tena. Hapo ndipo tairi linapoanza kudundadunda, na nimeona propela zikikatika kwa sababu ya mdundo huo.

La pili, propela inaizungusha ekseli kama mtu anayekaza nati. Ukitazama gari la kawaida kutoka nyuma, mzunguko huo unalikandamiza tairi la kushoto na kulipunguzia uzito la kulia. Bodi inajibu kinyume: kona ya mbele kushoto inanyanyuka, kona ya nyuma kulia inazama. Chukua injini yenye msukumo wa kuzungusha wa nyutonimita (Nm) 500 na gia ya kwanza ya 2.5. Propela inabeba Nm 1,250. Kama matairi ya nyuma yameachana mita 1.5, hiyo ni kama kilo 85 zinazoongezwa kushoto na kuondolewa kulia, kabla springi hazijarudisha sehemu yake. Tairi la kulia likianza kuteleza wakati la kushoto limeng'ang'ania, chanzo chake mara nyingi ni hiki.

La tatu, uzito wa gari unahamia nyuma. Magari yenye springi tupu, bila vyuma vya kusaidia, mara nyingi huketi nyuma. Ukishafunga vyuma vya kuzuia ekseli isijipinde, kama CalTracs au zile fito za zamani zenye raba inayogonga springi karibu na tundu lake la mbele, mambo yanageuka. Nguvu ya ekseli kuzunguka inaelekezwa kwenye sehemu ya mbele ya springi, bodi inainuka na kuachana na ekseli, na tairi linakandamizwa chini.

Shokapu moja inakutana na mienendo hii yote: kupanda na kushuka, kulala upande, na kuzunguka kwa ekseli. Inavyokutana nayo, yaani inarefuka kiasi gani au inabanwa kiasi gani, kunategemea ulikoifunga. Fundi asiyeliona hilo anarekebisha gari kwa kubahatisha.

Fuata mstari wa shokapu

Watu wengi huangalia breketi ya chini ilipo na kusema shokapu yangu iko nyuma ya ekseli, au iko katikati. Hiyo haitoshi. Kinachohesabika ni mstari unaopita katikati ya shokapu kuanzia bolti ya juu hadi bolti ya chini, na umbali wa mstari huo kutoka katikati ya ekseli.

Fanya hivi. Gari likiwa kwenye kimo chake cha kawaida, toa tairi, kisha vuta uzi kutoka bolti ya juu hadi ya chini. Weka alama ya chaki katikati kabisa ya ekseli, pale mwishoni inapofungwa gurudumu. Sasa chukua guniamita, uiegemeze kwenye uzi, upime umbali wa pembe mraba kutoka uzi hadi alama. Uzi ukipita mbele ya alama, basi pua ya difu ikipanda, shokapu inabanwa. Uzi ukipita nyuma ya alama, shokapu inarefuka. Ukipita juu ya alama yenyewe, kuzunguka kwa ekseli hakuisumbui shokapu.

Magari mengi ya zamani yamefungwa mguu wa shokapu kwenye sahani ya yubolti (bolti za umbo la U zinazoifunga ekseli kwenye springi), chini ya springi. Mtu anaona bolti iko sawasawa chini ya ekseli na kudhani mambo ni shwari. Lakini kama shokapu imelala, kichwa chake kikielekea mbele, uzi ule unapita mbele ya katikati ya ekseli. Sahani ya chini inasogea mbele pale pua inapopanda, na shokapu inabanwa sawa na ile iliyofungwa mbele kabisa. Ndiyo maana nasisitiza uzi. Jicho peke yake linadanganyika kirahisi chini ya gari.

Umbali huo una thamani gani? Tuseme mstari wa shokapu unapita sentimita 10 nyuma ya katikati ya ekseli, na springi zinaruhusu ekseli kuzunguka digrii 5. Mguu wa shokapu utashuka kama milimita 9 kwa sababu ya mzunguko huo peke yake, na utashuka ghafla. Kwenye rodi, ile fimbo inayoingia na kutoka kwenye mwili wa shokapu, ambayo safari yake yote wakati wa kuondoka ni sentimita chache, milimita 9 si kitu cha kupuuza.

Sasa unganisha na bodi kuinuka. Gari lina vyuma vya kusaidia, kwa hiyo ekseli inazunguka kidogo kuliko pale mwanzo, tuseme digrii 3, na wakati huohuo bodi imeinuka milimita 20. Shokapu iliyo sentimita 10 nyuma ya ekseli itarefuka 20 na kuongeza 5, jumla milimita 25. Iliyo sentimita 10 mbele itarefuka 20 kutoa 5, yaani milimita 15. Gari ni hilohilo, shokapu zimetoka kwenye boksi moja, namba ya marekebisho ni ileile, lakini moja imefanya kazi kubwa kuliko mwenzake. Mtu aliyefunga moja mbele na moja nyuma ana gari linalobanwa upande mmoja kuliko mwingine kila linapoondoka.

Kuhusu ile ya moja mbele, moja nyuma

Hapa nataka kukaa kidogo, kwa sababu ushauri wa kupishanisha shokapu bado unazunguka sana na una asili yake ya haki.

Camaro za mwaka 1967, magari ya Chevrolet ya kampuni ya General Motors, zilitoka na springi ya bapa moja tu kila upande, na zile zenye injini kali zilidundadunda vibaya. Mwaka 1968 General Motors ikazipishanisha shokapu, moja mbele ya ekseli na nyingine nyuma. Ford nayo ilifanya hivyohivyo kwenye Mustang zenye injini ya 428 Cobra Jet na gia nne za mkono. Wahandisi wale walikuwa na gari la barabarani, lisilo na chuma cha ziada, ambalo mteja angeliendesha kila siku. Kwa kupishanisha, pua ikipanda shokapu moja inabanwa na nyingine inarefuka, zote zinapinga. Ikishuka, zinabadilishana zamu na zinaendelea kupinga. Mdundo unapungua. Ni suluhisho zuri kwa gari la namna hiyo.

Na kama unashindana kwenye daraja ambalo kanuni zake zinakulazimisha kubaki na mpangilio wa kiwandani, au huna chuma chochote cha kusaidia, lihifadhi. Ukiwa na uhuru wa kuchagua upande, weka ya kulia mbele na ya kushoto nyuma. Pua inapopanda, ile ya kulia inabanwa na kulisukuma tairi la kulia chini, ya kushoto inarefuka na kuivuta ekseli juu kidogo upande wake. Kwa nukta ile fupi unapata msaada dhidi ya kile ambacho propela inafanya. Msaada huo unadumu tu muda ambao ekseli bado inasogea, maana shokapu haina nguvu kitu kikitulia.

Ila ukishafunga vyuma vinavyoishika ekseli vizuri, sababu ya kupishanisha imeondoka. Kazi ya kuzuia kujipinda imepata mwenyewe. Shokapu zote mbili zirudi upande mmoja, kwenye umbali uleule, kwenye pembe ileile. Nimeshawahi kukaa na kijana mwenye Chevrolet Nova iliyokuwa ikielekea ukutani kila ikiondoka. Alikuwa ameshabadilisha springi, ameshapima matairi, ameshanyoosha ekseli. Shokapu zake zilikuwa za kupishana bado. Tukachomelea mhimili mpya nyuma ya ekseli, tukazifunga zote mbili kwenye mhimili huo, na gari likaanza kwenda mbele badala ya kwenda pembeni. Kuhangaika na springi kungeendelea hadi leo.

Ford wenyewe walitoa somo zuri baadaye kwenye Mustang za miaka ya 1980. Gari hilo lina koili, si springi bapa, lakini kanuni haibadiliki. Waliacha shokapu mbili zilizosimama zifanye kazi ya juu na chini, kisha wakaongeza mbili nyingine zilizolala, kwa ajili ya kuzuia ekseli isizunguke. Kila kazi ilipewa shokapu yake.

Kulala kwa shokapu kunavyokula nguvu zake

Kiwandani shokapu hulazwa ili kutoa nafasi ya kiti, buti, tangi na bomba la moshi. Kwa safari za kawaida hakuna tatizo. Kwenye dragi unalipa kila digrii.

Shokapu iliyosimama wima inasogea sawa na ekseli. Ikilala, inasogea kidogo kuliko ekseli, na hapohapo nguvu inayotoa haielekei yote juu na chini. Hasara inakuja mara mbili, ndiyo maana kosini ya pembe unaizidisha kwa yenyewe. Kwa digrii 10 unabakiwa na asilimia 97, hakuna wa kulalamika. Kwa digrii 20 unabakiwa na 88. Kwa digrii 30 ni 75. Kwa digrii 45 ni nusu. Na kama imelala ndani kwa digrii 30 ukiitazama kutoka nyuma, kisha imelala mbele ukiitazama ubavuni, hasara zinajumlika.

Mtu mwenye shokapu iliyolala digrii 40 atakuambia hizi ni laini, hata nikikaza hadi mwisho gari linaruka tu. Shokapu haina kosa. Kiasi kikubwa cha nguvu zake hakifiki kwenye tairi.

Lengo langu ni chini ya digrii 10 kutoka nyuma, na wima kabisa kutoka ubavuni ekseli ikiwa katikati ya safari yake ya kupanda na kushuka. Nasema katikati ya safari kwa sababu ekseli ya springi bapa haipandi wima. Inaenda kwa upinde kuzunguka tundu la mbele la springi, na springi inaponyooka, shakeli ya nyuma, kile kiungo kinachoshika mwisho wa springi, inabembea na ekseli inarudi nyuma kidogo. Shokapu iliyo wima gari likiwa stendini huenda isiwe wima gari likiwa chini na dereva yumo ndani.

Karibu na tairi kadiri unavyoweza

Kwa mwendo wa juu na chini wa ekseli nzima, haijalishi sana shokapu iko katikati au pembeni. Inapokuja bodi kulala upande ndipo tofauti inapoonekana, na tumeshaona kwamba propela inalilaza gari kila linapoondoka.

Tuseme matairi yameachana sentimita 150. Shokapu zako ziko sentimita 75 moja kutoka kwa nyingine. Hiyo ni nusu, na kwa sababu hasara inakuja mara mbili kama ile ya pembe, uwezo wake wa kudhibiti kulala ni robo tu ya ule ambao zingekuwa nao zikiwa kwenye matairi yenyewe. Zisogeze ziachane sentimita 100, unapanda hadi asilimia 44. Zifike 120, ni 64. Sentimita 45 tu za kusogeza zimezidisha kazi zaidi ya mara mbili, na hujanunua kitu isipokuwa chuma na fito za kuchomelea.

Hili lina uzito zaidi kwa waliohamisha springi ndani ili kupata nafasi ya matairi mapana. Springi zikisogea ndani, uwezo wake wa kupinga gari lisilale unapungua kwa hesabu ileile. Shokapu nazo zikiwa ndani, gari halina kinacholishika. Kwa magari ya namna hiyo mimi hushauri ufikirie na fimbo ya kuzuia mlalo, lakini shokapu zianze kutoka nje.

Kikwazo ni tairi lenyewe. Sliki, yaani tairi la mbio lisilo na mikato, yenye upepo mdogo inajikunja ubavuni pale gari linapoondoka, na inatanuka kwa kipenyo kasi inapopanda. Nafasi unayoiona gari likiwa limesimama si nafasi utakayokuwa nayo. Tazama ubavu wa ndani wa tairi baada ya siku ya mbio: ukiona mstari mweusi uliong'aa, mwembamba kama kamba ya kiatu, tayari tairi linagusa kitu. Rudisha shokapu ndani kidogo na ukubali hasara. Usalama wa tairi unatangulia.

Safari ya rodi

Hapa ndipo kazi ya subira ilipo, na wengi hukimbilia kuchomelea kabla ya kupima.

Weka gari stendini likibebwa na chesisi. Toa shokapu. Kwa jeki, pandisha ekseli hadi iguse raba ya kizuizi, upime umbali kati ya bolti ya juu na ya chini. Ishushe hadi springi zimelegea kabisa, upime tena. Pandisha upande mmoja tu, mwingine ukiwa chini, kwa sababu ekseli ikiinama pembe za shokapu zinabadilika na breketi zinaweza kugusana na bomba la breki. Mwisho shusha gari chini, muweke dereva kitini na mafuta tangini, upime kimo cha kawaida. Kwa namba hizo ndipo unapochagua urefu wa shokapu na kimo cha breketi.

Shokapu isiwe ndiyo inayozuia ekseli isishuke zaidi, wala isiwe ndiyo inayofika mwisho kabla ya raba ya kizuizi. Rodi ikifika mwisho wakati bodi inainuka, ekseli inanyanyuliwa ghafla na tairi linapoteza uzito wakati ule linaouhitaji kuliko wakati wowote. Utaona kwenye video: gari linaondoka vizuri, linainuka nyuma, halafu kama mita chache mbele matairi yanaachia bila sababu. Watu hulaumu lami.

Kwenye gari linaloinuka nyuma napenda rodi iwe na karibu nusu ya safari yake kwenda kila upande ikiwa kwenye kimo cha kawaida. Kwa matumizi ya barabara hupendelewa kuacha nafasi kubwa zaidi ya kubanwa, lakini dragi inahitaji nafasi ya kurefuka. Ili ujue kinachotokea kweli, funga ringi nyembamba ya raba kwenye rodi, isukume hadi kwenye mwili wa shokapu, ukimbize gari, kisha soma. Ringi inakuonyesha rodi iliingia hadi wapi. Kwa upande wa kurefuka, kamera ndogo iliyofungwa chini ya bodi inasaidia kuliko maneno ya mtu yeyote aliyesimama pembeni.

Pa kufungia pawe pa chuma cha kweli

Magari mengi yana sehemu ya juu ya shokapu iliyofungwa kwenye bati la sakafu au mhimili mwembamba wa bati. Shokapu nzuri iliyokazwa inaweza kulipasua bati hilo. Dalili yake inaanza ndogo: rangi inapasuka kuzunguka bolti, vipande vidogo vinainuka kama ngozi iliyoungua jua, halafu kutu jekundu linatokea kwenye ufa. Ukikuta hivyo usichomelee juu ya ufa. Weka mhimili wa bomba kutoka chesisi ya kushoto hadi ya kulia, na breketi za juu zikae kwenye mhimili huo. Pamoja na kushika shokapu, mhimili unaifunga chesisi ya nyuma isijinyonge.

Bolti ishikwe pande zote mbili, breketi mbili na shokapu katikati. Pini inayoshikwa upande mmoja tu, kama zile za kwenye sahani za yubolti, inapinda kidogo kila gari linapoondoka, na kila ikipinda shokapu inachelewa kuanza kazi. Bushi za raba laini zina tabia hiyohiyo: raba inabonyea kwanza, shokapu inafuata. Kwa gari la mbio tupu, weka viungo vya duara vya chuma. Kwa gari ambalo bado linaenda barabarani, bushi ngumu za plastiki ni maafikiano mazuri.

Unapochomelea breketi kwenye bomba la ekseli, chomelea vipande vifupi, hamia upande mwingine, acha ipoe, rudi. Joto likikaa sehemu moja bomba linapinda, na ekseli iliyopinda inakula beringi na sili. Kebo ya ardhi ifungwe karibu na unapochomelea ili umeme usipite kwenye beringi. Betri itolewe, tangi liondolewe, na cheche zisifike kwenye springi: bapa lililoungua kwa joto la kuchomelea linaweza kukatika likiwa na mzigo.

Na kabla hujachomelea breketi yoyote kwenye ekseli, maliza kwanza kupanga pembe ya pua ya difu. Magari ya springi bapa hupangwa pua ikiwa imeinama, mara nyingi digrii 5 hadi 7, kwa sababu itapanda gari likiondoka; yenye vyuma vya kusaidia huhitaji kuinama kidogo kuliko hapo. Ukibadilisha pembe hiyo baadaye, breketi uliyoichomelea inazunguka pamoja na ekseli, na mstari wa shokapu unahama. Utarudi kwenye uzi na chaki upya.

Kusimama kichwa chini

Shokapu za bomba mbili, zile za kawaida zisizo na gesi iliyotengwa, zifungwe rodi ikitazama juu, na zisilale sana. Zikipinduliwa, hewa inafika kwenye valvu na zinapiga hatua ya kwanza bila kuzuia chochote, na kwenye dragi hatua ya kwanza ndiyo mbio yenyewe. Zile za bomba moja zenye pistoni inayotenga gesi na mafuta zinakubali kufungwa upande wowote. Kwa hizo, mwili ukiwa juu na rodi chini unaipunguzia ekseli uzito. Bomba la moshi likae mbali nazo, kwa kuwa mafuta yakipata moto yanakuwa mepesi na mbio yako ya jioni haitafanana na ya asubuhi.

Vishikizo vije mwisho

Mstari ukiwa sawa, pembe sawa, safari ya rodi sawa, ndipo marekebisho ya shokapu yanaanza kuwa na maana, na utashangaa yanavyojibu haraka. Anza katikati, upande wa kurefuka na wa kubanwa. Tazama video iliyopigwa chini, kutoka nyuma na ubavuni, kwa mwendo wa taratibu. Bodi ikiinuka kwa ghadhabu na kisha tairi linaachia, kaza upande wa kurefuka kidogo. Ikiinuka kwa uvivu na tairi halijikunji ubavuni, legeza. Ikiinuka vizuri halafu ikaanguka upesi na tairi likaachia wakati inashuka, kaza upande wa kubanwa. Badilisha kitu kimoja, kimbia, soma muda wa futi 60, andika. Muda wa mwisho wa robo maili una mambo mengi ndani yake, lakini futi 60 za mwanzo zinazungumzia nyuma ya gari.

Kanuni za NHRA, chama cha mbio za dragi cha Marekani, zinataka kila gurudumu lenye springi liwe na shokapu moja inayofanya kazi, na madaraja yanatofautiana kuhusu kuhamisha mahali pa kufungia. Soma kanuni za daraja lako kabla ya kukata breketi za zamani. Zikate polepole pia, kwa grainda, ukiacha kimo kidogo cha chuma ukisafishe baadaye kwa tupa, kwa sababu bomba la ekseli ni jembamba kuliko linavyoonekana. Baada ya siku ya kwanza ya mbio ingia chini na tochi, kagua kila uchomeleaji mpya, na kaza upya bolti za juu, za chini na yubolti. Kaza zote gari likiwa limekaa kwenye magurudumu yake.